Somo la Magugu

Nabintu anarudi na harufu ya zizi,
saa tisa na nusu, basi la manjano,
theluji ya Erie bado iko mabegani.
Viatu anaviacha mlangoni. Samadi haina uraia,
hunuka vilevile popote ilipoangukia.

Leo mmesoma nini?
"Kukata kwato za mbuzi, mama.
Unaushika mguu kama mkono wa mgonjwa,
unapunguza kidogokidogo,
ukiona rangi ya waridi, unaacha."
Kwa hilo amepata tisini na mbili.

Nacheka mpaka mwiko unanitoka.
Kule Walungu baba aliniondoa kwa mbuzi,
akamuuza mmoja, ile yenye pembe moja, tukalipa karo,
nisome, nisichunge.
Sasa huyu wangu anachunga ili asome.

Mwezi wa tano, baridi ikiwa imeshaomba radhi,
alikuja na mfuko mweusi wa taka, umefungwa shingo.
"Magugu," akasema. "Tumeng'oa asubuhi nzima
kwenye kitalu cha nyanya. Bi Kowalczyk kasema yatupwe.
Nimeyaficha chini ya kiti."

Nikafungua.
Lengalenga!
Lengalenga lenyewe, changa, shina jekundu,
udongo bado umeng'ang'ania mizizi.
Miaka sita nalitafuta katika maduka ya mji huu,
naonyeshwa mchicha wa kugandishwa,
mgumu kama jibu la ofisi ya makazi.

Nilipika na mawese, kitunguu,
na ndagala nilizokuwa nimeziwekea mgeni.
Mgeni nani tena?
Jirani wa juu aligonga kuuliza kama kuna sherehe.
Nabintu alimaliza sahani mbili kimya,
kisha akafungua kitabu chake pale mezani,
ukurasa wa arobaini na moja, picha ileile,
na chini yake njia saba za kuliangamiza.
Tulizisoma zote, yeye kwa sauti, mimi kwa kidole.
Nilimwambia: mwanangu, wamesahau ya nane.

Ijumaa kulikuwa na mtihani.
Swali la tisa: taja gugu moja la bustani
na namna bora ya kuliondoa.
Akaandika: lengalenga. Kulila.

Karatasi nimeibandika kwenye friji.
Bi Kowalczyk alikata alama mbili,
sheria ni sheria,
halafu pembeni, kwa wino uleule mwekundu,
akauliza: Chumvi kiasi gani?