Lehemu

Daktari Geddes aligeuza karatasi ya chakula cha kesho
(uji wa shayiri, yai, tosti mbili)
akachora mshipa kwa kalamu ya bluu.
Kiingereza nakijua, ila siku ile kilinikimbia,
na cha Dundee kina mawe ndani.
Nakijwa akawa ananipa neno baada ya neno
hadi akafika lile la mafuta. Akasita.
"Lehemu," akasema.

Nikacheka, na kicheko kikanichoma chini ya ubavu.
Lehemu naijua! Miaka kumi na mmoja pale Mwanga
nimekaa na redio za watu, matumbo wazi,
moshi mwembamba puani,
nikiunga kilichokatika
ili mtu asikie matangazo ya vifo na matokeo ya mpira.
Ikizidi tone moja
huunganisha njia zisizojuana, na redio hunyamaza.
"Basi ndiyo hiyo hiyo," akasema Nakijwa,
ingawa siyo.

Vitone vya bluu vikapenya ukutani.
Humo, alisema daktari, huchacha kama samli iliyosahauliwa,
ukuta ukapiga ukunga,
na kutoka kwenye damu zikaja seli nyeupe,
zikajibana, zikapenya, zikaanza kula.

Kula?
Kula. Ndiyo kazi yao. Zinasafisha.

Nikaitazama mikono yangu juu ya shuka.
Miaka kumi na tisa ofisi za bima, kule chini karibu na mto,
saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri.
Naingia wenye viti wakishatoka,
naokota ganda la ndizi, kikombe kilichoota ukungu,
na asubuhi hakuna anayejua kwamba nilipita.
Hiyo ndiyo sifa ya kazi iliyofanywa vizuri.

"Halafu zinatoka?"

Kalamu ikasimama hewani.
Baadhi. Nyingi hushindwa.
Hushiba hadi zikawa povu,
na vitone bado vinakuja,
zinaita wenzao, wenzao wanakuja, wanakula,
zinafia humo humo,
na maiti zao ndizo uvimbe wenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Leo nawabishia.
Hiki hakikunila mimi. Kilikula kwa ajili yangu,
zamu juu ya zamu,
mimi nikinunua pai ya kondoo saa sita usiku
kwa sababu ndicho kilichokuwa cha moto.

Jumanne, kituo cha basi, mvua ya barafu,
gamba lile likapasuka.
Na damu, kwa wema wake,
ikadhani ni jeraha, ikakimbilia kuziba.
Ikaziba kweli.
Kila mmoja alifanya kazi yake, naapa.
Hakuna aliyezembea.

Sasa nina kijibomba cha waya kifuani
na kidonge cha usiku hadi nife.
Nakijwa ameikunja karatasi, ameitia kwenye pochi
pamoja na tiketi za basi.
Tulikuja kwa miaka miwili. Hilo hatukulisema.

Alasiri akaingia mfagiaji wa wodi, Jadwiga,
ndoo yake ikilia gurudumu moja.
Nikainua miguu kabla hajaniomba.
Nikamuuliza anatoka saa ngapi.
Saa kumi, akasema, lakini kuna mwenzake hakuja.

Toka saa kumi, nikamwambia.
Akacheka, akadhani natania,
akaanza na chini ya kitanda.