Ng'wa Nani?

Tulimwita Boksi, maana alilalia maboksi ya sabuni
pale Mwaloni, nyuma ya mizani ya dagaa.
Nikifika alfajiri na ndoo zangu
nilimruka kama mtu anavyoruka dimbwi.
Miaka miwili. Nakiri.

Sikuanza kwa huruma. Nilianza kwa shida:
mvua ilinikuta dagaa wote wameanikwa,
mwanangu kalazwa Bugando,
na mikono yangu ni miwili tu.
Akaamka, akashika pembe ya turubai,
tukavuta.
Ndipo nikamuuliza kile ambacho kwetu
mgeni huulizwa kabla hajakaa:
"Ng'wa nani?"

Alitazama ziwa.
"Ng'wa Luhende," akasema polepole,
kama anayejaribu kiatu cha zamani.

Toka siku hiyo sikuweza kumruka.
Ukishamjua mtu ni wa nani
mguu unakuwa mzito.

Nyanzobe wa uji akamtengea kikombe cha bati,
akakipigilia msumari wake ukutani.
Mwenye stoo akamwachia ufunguo usiku mmoja,
na aliyekesha ni yeye, mwenye stoo.
Asubuhi magunia yote yalikuwepo,
sakafu imefagiliwa.

Sitasema alipona. Mwezi wa tatu
gongo ilimrudisha kwenye maboksi siku tisa.
Siku ya kumi kikombe kilikuwa bado kwenye msumari,
kina vumbi.
Nyanzobe alikisuuza, akamimina.

Dada yake tulimpata Magu,
kwa simu yangu, vocha ya mia tano.
Kimya. Nikasikia kuku.
Kisha: "Mwambie mama alikufa akimtaja.
Mwambie nimekasirika.
Mwambie mlango ni ule ule, unakwama chini,
anajua namna ya kuuinua."

Aliondoka Jumapili na shati la kuazima.
Jumatano akarudi na kapu la michembe,
akatugawia, kila mtu kwa jina lake.
Mimi sikujua kwamba alikuwa anayajua.

Sasa amepanga chumba Mabatini, juu kwenye mawe,
bati lake linavuja, analilalamikia
kama mwenye nyumba yeyote.

Leo kuna kijana kwenye yale maboksi.
Ndoo zangu nzito, nina haraka,
mguu wangu tayari umeinuka.
Luhende amechuchumaa pale mbele yangu.
"Mwangaluka," anasema,
na anasubiri.