Daftari la Chapwa

Saa kumi na moja alfajiri, Mafiati ingali na ukungu,
nawasha kompyuta kabla ya jiko.
Malori kumi na tisa yananiamkia kwa nukta:
ya kijani inatembea, nyekundu imelala,
ya kijivu, hapo sijui,
na setilaiti naye hajui.

Bosi alirudi na neno kutoka semina:
"mwonekano wa mnyororo wa ugavi."
Akaliandika ubaoni kwa kalamu isiyofutika,
alichanganya kalamu,
na mpaka leo zamu za madereva tunazibana pembeni yake.

Barabara hii naijua bila kuisafiri.
Kitonga naijua kwa nukta inavyojikokota,
Mafinga kwa inavyotua kidogo, harufu ya mbao sina,
Igawa, Chimala, kisha mizani ya Uyole
ambako kilo mia mbili za ziada huzaa ubishi wa nusu siku.
Likipita Mbalizi nashusha pumzi.
Halafu Tunduma.
Tunduma nukta zote hurundikana
kama mchele uliomwagika mlangoni,
huwezi kuokota moja bila kugusa nyingine.

Jumanne nilikuwa natafuta moja.
Gari la Anyosisye Mwakatobe, maji ya dripu,
katoni za hospitali moja kule Kasama.
Nyekundu, saa thelathini na moja, palepale.
Mfumo wa forodha: "linasubiri."
Wakala: hapatikani.
Anyosisye mwenyewe: simu imezimwa.

Bi Mutale, mfamasia, alipiga.
"Liko wapi?"
Liko Tunduma.
"Jana pia lilikuwa Tunduma."
Hakupandisha sauti.
Afadhali angenitukana.

Ndipo nikakumbuka namba ya Atuganile,
anayeuza chai Chapwa, foleni inapoanzia siku mbaya.
"Ngoja nivae miwani," akasema.
Nikasikia mafuta yakichachatika, kurasa zikifunuliwa.
Ni daftari la shule, jedwali la kuzidisha nyuma yake,
humo hakuna majina ya watu.
Mtu anaweza kujiita yeyote, husema,
ila namba ya gari imepigwa kwenye bati.

"T mia nne na tatu, D-K-R. Huyu hapa.
Jumapili jioni: chai, chapati mbili, hajalipa.
Jumatatu asubuhi: chai tupu.
Nikajua ama hana hela ama hana raha.
Jumatatu mchana hakula. Alikuwa na makaratasi mkononi.
Karatasi ya forodha inasema katoni elfu moja mia mbili,
kibali cha dawa kinasema mia moja na ishirini.
Sifuri imedondoka njiani, mwanangu.
Anamsubiri mtu wa Mbeya aiokote.
Simu yake ninayo mimi, naichaji kwa sola,
na jua lenyewe unaliona."

Mtu wa Mbeya.
Nikafungua faili la kibali.
Ijumaa, saa kumi na mbili jioni,
mvua inapiga bati, taa inazima na kuwaka,
na chini kabisa, herufi za jina langu.

Sitasimulia barua nilizoandika siku ile
wala niliyemwomba radhi na aliyenicheka.
Saa tisa na robo nukta ilishtuka, ikawa ya kijani,
ikasogea upana wa ukucha,
ikavuka kuingia Nakonde, mtandao wetu ukakatika.
Kijivu.
Nikaiacha iende.

Jioni nikamtumia Atuganile elfu tano.
Akapiga kabla sijaweka simu mezani.
"Deni la yule ni elfu moja na mia mbili.
Hii iliyozidi ni ya nini?
Lazima niandike. Nisipoandika nasahau."

Nikautazama ubao, lile neno lisilofutika,
na majina yetu madogo yaliyobanwa pembeni.
Andika, nikamwambia,
ya sifuri.

"Sifuri," akarudia polepole, kalamu ikikwaruza.
"Na gari namba ngapi?"