Lifti ya Sarafu

Ghorofa ya tisa, Kutaisi. Lifti yetu haipandi
mpaka uilishe sarafu, kama punda mwenye masharti.
Ushangi huja nayo kiganjani, imelowa jasho,
ameishika tangu kituo cha basi isimponyoke.
Miaka kumi na mmoja. Mkoba mpana kuliko mgongo,
na ndani yake madaftari yenye majeraha ya wino mwekundu
wa watu waliokuwa na haraka.

Nami nilikuwa na haraka. Nisijitoe.
Miaka ishirini na miwili mbele ya vichwa thelathini na sita
nikisema "fungueni ukurasa wa arobaini",
na asiyeufungua nikamwita mvivu.
Yuko mmoja, Badri, siku hizi anachomelea vyuma bandarini Poti.
Sijamwomba radhi. Sijui nianzie ukurasa upi.

Sasa nina meza moja, viti viwili.
Jumatatu ni Mzevinari, sikio lake la kushoto limelala;
nakaa kuliani, nafunga dirisha,
naye hunisoma midomo kabla ya kukisoma kitabu.
Alhamisi ni mtoto wa daktari wa meno, asiyekalika:
saba mara nane huanzia jikoni,
jibu hulikuta varandani, kila mara, pale pale penye ndoo.
Jumanne na Ijumaa, Ushangi.

Herufi za kwetu ni thelathini na tatu,
hazina kubwa wala ndogo, zote zimejikunja
kama vikonyo vya mzabibu vikitafuta pa kushika.
Wageni huzisifu. Ushangi huziogopa.
"Zinatambaa," aliniambia siku ya kwanza,
akiyaambia magoti yake, si mimi.
"Doni ikigeuka kidogo ni lasi. Lasi ikinuna ni ghani."
Ilinijia mdomoni: hazitambai!
Nikaimeza.
Nikamwuliza, zinatambaa kwenda wapi?

Wiki tatu tukazifuata.
Mama yake ni mwoka mikate; akatufungia donge la unga.
Tukaiviringisha doni, tukaiacha iumuke,
tukaviringisha lasi na matao yake, ghani na kiuno chake.
Akafumba macho, akapapasa.
Macho yalidanganyika, vidole vikakataa kudanganyika.
Tukaoka zote, tukazila na jibini,
zilizokosewa na zilizopatiwa, ladha moja.
Haba na haba, husema watu.
Hawasemi kwamba kibaba chenyewe
siku nyingine kina tundu.

Ijumaa iliyopita nilimkuta chini, mlangoni pa lifti,
pamoja na majirani watatu na gunia la makomamanga.
Tukajibana. Sarafu ikalia. Lifti ikagoma.
Mmoja akailaani, mwingine akaipiga teke.
Ushangi akainua kidevu kwenye kibati chenye kutu
ambacho sisi wengine hatujakitazama tangu kigongomewe:
"Mwi… mwisho. Wa… watu. Wa-nne."
Akatuhesabu kwa kidole. Akajihesabu.
Akatoka nje. "Nitapanda ngazi," alisema.

Nilimngoja juu dakika kumi na saba.
Chai ikapoa. Nikaanza kuwaza mabaya.
Akafika anahema, uso umeiva kama tanuri:
alikuwa akisoma milango. Yote. Majina ya watu,
jina kwa jina, ghorofa kwa ghorofa,
na ya sita, kwenye kibao cha shaba cha wakili,
herufi moja haipo.
Akanivuta mkono tukashuka.
Kweli. Ghani imesahauliwa.
Miaka minane naishi humu, sijaiona.

"Tumgongee tumwambie?"
Akaipapasa shaba pale penye pengo.
"Hapana," alisema. "Labda bado anajifunza."

Jumanne alikuwa amesahau nusu.
Lasi ikawa ghani, doni ikapotelea chini ya meza.
Nikakunja mikono ya blauzi.
Yeye akaenda kuleta unga.