Doa la Kisigino

Matone manne ya damu ya Miley Cawley,
umri saa ishirini na tatu,
yamekauka kwenye kadi, rangi ya kutu.
Nilimchoma mwenyewe, wodini Galway.
Alipiga ukelele, na wa kitanda cha pili akamjibu.

Tunakiita kimeng'enya,
kana kwamba kazi ya kila kimoja ni kusaga.
Jina limemwonea huyu. Hasagi kitu.
Yeye ni mchukuzi: hufika kwa glukosi,
humtua mzigo, humgeukia galaktosi,
akamtwika. Basi. Hurudi mikono mitupu,
mara nyingi kabla hujamaliza chafya,
wala hajawahi kuonja alichobeba.

Kwa Wasafiri wa Ayalandi, watu wa karavani,
pengine mchukuzi huyu huzaliwa amevunjika,
na maziwa, yaleyale ya mama,
huingia mwilini yakakosa mwenyeji.
Sukari hupiga foleni kwenye ini.
Kisha mbonini, ukungu.
Ndiyo maana mtoto huanzishiwa soya
na mama huambiwa angoje.

Winnie hangoji kwa utulivu.
Anakamua usiku na mchana,
anajaza chupa za jamu, anaandika saa kwa kalamu ya nyusi,
anazipanga kwenye friji nyuma ya siagi.
"Yasije yakakauka," asema. "Nayajua mie,
yakishakwenda hayarudi."
Mama yake anamenya viazi, hasemi.
Alizika mmoja mwaka wa sabini na mbili,
mnono, mnyonyaji hodari,
na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Dublini, Fergal anazima taa,
anawasha ile ya urujuani.
Doa lenye mchukuzi huwaka buluu,
kama moto wa gesi uliopunguzwa.
Anasubiri. Macho hudanganya gizani; anasubiri tena.
Doa la jirani linawaka.
La Miley ni karatasi tu.

Akanitwika mimi kwa simu.
Nikaendesha maili ishirini na neno hilo mdomoni,
wipa zikikwaruza kioo kikavu,
nimesahau kuzizima.

Mlango ulifunguliwa kabla sijagonga.
Alinitazama usoni akayasoma yote,
nami nikayasema hata hivyo, ndiyo kazi.

Hakulia. Alifungua friji.
Chupa kumi na moja, malai yamepanda juu.
"Na haya," akauliza, "niyapeleke wapi?"