Chumba Namba Nne

Miaka kumi na mmoja nilisimama nyuma ya kaunta,
kioo kati yangu na kikohozi cha watu,
nikihesabu tano tano kwa mwiko wa plastiki,
nikibandika lebo: kutwa mara mbili, baada ya chakula.
Mikono yao niliijua. Miguu yao sikuwahi kuiona.

Sasa nimepewa kiti, meza, na mlango unaofungwa
katika kliniki ya madaktari wa familia, bonde la Ogwr,
mvua ya Wales ikishuka mlimani
kama mtu asiye na haraka ya kufika.
Pembeni ameketi Daktari Penhale, mwalimu wangu,
daftari pajani, mdomo kaufunga makusudi.
"Leo," alisema asubuhi, "mimi ni kabati.
Usiniulize kitu. Kabati halijibu."

Aingia Bwana Treharne, fundi mstaafu wa mabasi,
na mfuko wa dukani unaochakarika.
Vyote mezani, namwambia.
Maboksi kumi na moja, na chupa isiyo na jina.

Nikaanza nilivyozoea, kwa mdomo wa kaunta:
hii unaimeza asubuhi? Na hii? Na hii jioni?
Akajibu kama anayesomewa mashtaka:
ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Kabati likakohoa.

Nikaweka kalamu chini. Hilo tulifundishwa Jumanne
katika ukumbi wa baridi kule Cardiff, wafamasia ishirini
tukijifunza kunyamaza, wawili wawili,
tukibanwa na kicheko kama watoto wa shule:
hesabu hadi saba kabla hujaujaza ukimya wa mwenzako.
Moja. Mbili. Mvua. Tatu. Saa ya ukutani. Nne.

"Viatu," akasema kwenye tano. "Viatu havinitoshi tena."

Nikapiga magoti.
Nikabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba,
shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Hapo nikaanza kuuvuta uzi.
Kidonge cha presha kilimvimbisha miguu, akapewa cha kukojoa.
Cha kukojoa kikaamsha jongo kwenye dole la mguu,
jongo likaletewa chake, chake kikamharisha,
kuhara kukaletewa chake, nacho kikamfunga choo,
na ile chupa isiyo na jina
ni ya kufungua kilichofungwa. Kaipata kwa jirani.
Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga;
hawakutuambia dawa ya dawa ni nini.

Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo lililonitia baridi.
Kila boksi lilikuwa jibu sahihi
kwa swali la siku yake.
Na sita kati ya hayo lebo nilibandika mimi,
Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa mkono huu,
nikimtakia wikendi njema.

Nikamtazama kabati. Kabati lilitazama mvua.

"Tutabadilisha kimoja tu," nikasema, "hiki cha presha.
Baada ya wiki mbili nikupime, damu pia.
Vingine vitaaga kwa zamu."
"Wewe ni daktari?"
"Hapana. Mfamasia."
Akanikazia macho. "Ndiyo maana. Wewe ni yule wa kwenye kioo."

Alipotoka, kabati likapata ulimi:
"Dakika thelathini na nne. Ulikuwa na ishirini.
Magoti, vizuri. Uzi, vizuri sana.
Hukumuuliza anaishi na nani."

Nikatoka bila koti.
Nilimkuta kituo cha basi, kamba za viatu zimelegea,
mfuko kaupakata kama paka.
Bwana Treharne, unaishi na nani?

"Na mbwa."

Nikahesabu. Basi likapita, si lake.
Kwenye sita akasema, akiutazama mfuko:
"Nesta ndiye aliyekuwa akinisomea lebo."