Kukoboa

Marehemu Eliringia hakutuachia msimbo wake.
Kompyuta iliibwa Majengo, siku ya arobaini yake,
na kwenye mashine ya chama kimebaki
faili kimoja, kilichokwisha kukobolewa: Mizani.class.
Ukikichungulia baiti kwa baiti kinaanza na CAFE,
kahawa hadi kwenye mfupa.

Mama Ndeshi wa Kibosho ameleta stakabadhi za misimu sita
ndani ya mfuko wa unga, zimefungwa uzi.
Hagombi. Anauliza tu:
"Nyumbani hamsini. Hapa arobaini na nane.
Njiani kuna nani?"

Saa mbili usiku. Moshi imepoa.
Harufu ya maganda kutoka kiwandani imelala kwenye mapazia.
Naandika javap, jina la faili, naingiza.
Inanijibu kwa adabu ya sebuleni:
pokea, pima, chapisha.
Vya hadharani vyote vimepigwa deki.

Basi naongeza -c, naongeza -p,
yaani nipitishe uani, nionyeshe na ya jikoni.
Na hapo, chini ya pima, kauchochoro:
rekebisha. Faragha. Mistari minne.

     iload_1
     iconst_2
     isub
     ireturn

Chukua uzito. Chukua mbili. Toa. Rudisha.
Hakuna ikiwa, hakuna isipokuwa.
Kila gunia, kila mkulima, masika na kiangazi.

Mwalimu wangu, wewe uliyenifundisha
kuandika sababu pembeni ya kila mstari,
najua uliiandika. Lakini maelezo ni maganda:
kazi ikikobolewa, hubaki nje.
Chombo hiki kinanionyesha ulichofanya.
Kwa nini, hakina.

Nashuka ghalani na tochi ya simu.
Temu, mlinzi, ananishikia mlango bila kuuliza.
Naweka gunia tupu juu ya mizani:
kilo moja na robo.

Ah.

Namba kamili haijui robo.
Ulikuwa na moja, ulikuwa na mbili,
mkulima huku, chama kule,
wewe katikati, kidole juu ya kitufe,
ukaisukuma upande wa ghala.

Labda ulikuwa na haraka. Labda uliambiwa.
Robo tatu ya kilo, gunia kwa gunia, misimu sita.
Nafungua uzi wa Mama Ndeshi,
natoa stakabadhi ya kwanza, nafungua faili jipya,
na kabla ya hesabu yoyote
naandika maelezo.